Sijambo ya Mzee

Saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, wakati zamu ya usiku inapoikabidhi wodi kwa zamu ya mchana, muuguzi hupita kitanda baada ya kitanda na mafaili kifuani, na afikapo kwa ajuza wa miaka themanini na ushei aliyelazwa kwa kuvunjika nyonga, humwamkia kama adabu inavyomwagiza, "Shikamoo bibi," naye ajuza huitika, "Marahaba mwanangu", kisha huuliza, "Umeamkaje?" na hujibiwa, "Salama, alhamdulillahi"; na papo hapo, kabla hajakipa kitanda mgongo, huandika kwamba mgonjwa hana malalamiko. Muuguzi huyo hakutunga uwongo, wala yule ajuza hakudanganya, kwani kila mmoja alimtimizia mwenziwe haki ya salamu. Lakini lililoandikwa si kweli, maana tangu saa nane za usiku yule mama alikuwa amekodolea macho dari, akiogopa hata kukohoa lisije likatikisika paja lake.

Nimefanya kazi ya uuguzi, na baadaye ya kuwafunza wauguzi, kwa muda wa kutosha kuyaona haya mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, na kila nikiyataamali huona kwamba mushkili wa maumivu ya wazee katika hospitali zetu hauanzii katika stoo ya dawa, ijapokuwa stoo nayo ina sehemu yake, bali huanzia hapo penye salamu. Neno "sijambo" asili yake ni kukana: sina jambo, hakuna lililonifika. Halikuwekwa katika lugha yetu ili kueleza hali ya mwili, liliwekwa ili watu wawili wakutane kwa heri kabla hawajaingia katika shida zao, na ndiyo sababu mtu aliyefiwa usiku ule ule, akiulizwa habari za nyumbani, hujibu kwanza kwamba ni njema, akanyamaza kidogo, ndipo akasema, "Ila baba hatunaye." Kila aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba habari yenyewe imo katika hiyo "ila", na kwamba anayeondoka kabla haijatamkwa ameondoka bila ya habari. Kwa mzee hiyo ila huchelewa zaidi kuliko kwa kijana, kwa sababu ya haya, na kwa sababu ya staha, na kwa sababu hataki kumtaabisha mtoto wa mwenziwe ambaye amemwona akikimbia huku na huko usiku kucha. Nasi tuliovaa sare tumezoea kuondoka sijambo ingali midomoni mwake.

Mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wa hao. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikabidhiwa, zamu ya usiku, shaibu mmoja mvuvi aliyekuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea katika mifupa ya mgongo, mtu mpole, mwenye maneno machache, ambaye kila nilipopita na tochi yangu nilimkuta amefumba macho na mikono ameiweka kifuani; nami alfajiri nikaandika, kwa mwandiko mzuri, "Amelala vizuri." Tulipokuja kumbadilishia matandiko niliona pembe ya shuka imetafunika hata nyuzi zimetoka, nayo bado ina umajimaji wa mate. Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Alinijibu bila ya lawama yoyote kwamba aliniona nina kazi nyingi, na tena kwamba mifupa ya mtu wa umri wake kuuma si jambo la kumwitia mtu usiku. Niliondoka na ile shuka mkononi, na lile jibu lake la pili ndilo lililonikaa moyoni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiamini na mimi.

Itikadi hii, kwamba maumivu ni sehemu ya umri kama zilivyo mvi na makunyanzi, ndiyo iliyotia mizizi kuliko zote miongoni mwetu wauguzi, nayo ina nguvu kwa kuwa wagonjwa wenyewe, na watoto wao, na mara nyingi daktari, wote huisadiki. Husikika katika kauli nyepesi za kila siku, "Ni uzee tu, bibi," au, "Ukifika umri huo, babu, lazima viungo vidai haki yao," na husemwa kwa huruma kabisa. Lakini uzee hauumi. Kinachouma ni gegedu la goti lililolika, au pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea kwa mfupa kupungua nguvu, au mshipa wa fahamu ulioharibiwa na kisukari, au uvimbe, au kidonda cha kiunoni ambacho sisi wenyewe tumekiacha kitokee kwa kutomgeuza mgonjwa. Na kila kimoja katika hivyo kina jina lake, na sababu yake, na walau jambo moja linaloweza kufanywa. Anayesema "ni uzee" amefunga uchunguzi kabla haujafunguliwa.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1990 juu ya wakazi 97 wa nyumba ya kutunzia wazee, watu 71 katika kila mia walikuwa na angalau sehemu moja ya mwili iliyowauma. Na katika utafiti mwingine uliotolewa mwaka 1998 wakachunguzwa wagonjwa wa saratani 13,625, wenye umri wa miaka 65 na zaidi, katika nyumba za namna hiyo za majimbo matano, ikaonekana kwamba katika wale walioumwa kila siku, zaidi ya robo hawakuwa wakipewa dawa yoyote ya kutuliza maumivu, hata iliyo nyepesi kabisa, na kwamba waliopita miaka 85 ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kukosa. Nayataja haya kwa sababu moja: katika nchi ile kabati halikuwa tupu. Dawa ilikuwapo, na wauguzi walikuwapo, na mzee mwenye umri mkubwa zaidi ndiye aliyepata kidogo zaidi, kana kwamba kila mwaka aongezao mtu duniani unampunguzia haki ya kusadikiwa.

Lipo na jambo linaloandamana na hilo, nalo ni kuupima ukweli wa maumivu kwa uso wa mgonjwa. Muuguzi wa Kimarekani, Margo McCaffery, tangu mwaka 1968 alifundisha kwamba maumivu ni yale anayoyaeleza mwenye kuumwa, na kwamba yapo pale anaposema kuwa yapo. Na mwaka 1991 yeye na mwenzake Betty Ferrell waliwapa wauguzi visa viwili vya kutungwa, vya vijana wawili waliopasuliwa tumbo siku iliyotangulia, mapigo ya moyo sawa, shinikizo la damu sawa, na kila mmoja amesema kwamba maumivu yake ni 8 katika 10, isipokuwa mmoja alikuwa akitabasamu na kuzungumza na mgeni wake, na wa pili amekunja uso. Ikadhihirika kwamba wauguzi walikuwa wepesi zaidi wa kumsadiki yule aliyekunja uso, na wepesi zaidi wa kumwongezea dawa. Ikiwa hali ni hiyo kwa vijana wa kwenye karatasi, itakuwaje kwa mzee wa kwetu aliyefundishwa jandoni kwamba mwanamume hapepesi jicho mbele ya kisu, au bibi aliyeambiwa na kungwi wake kwamba kupiga kelele katika uchungu wa uzazi ni kuuaibisha ukoo? Watu hawa wamekaa miaka sitini wakisifiwa kwa kunyamaza. Leo twawataka walie ndipo tuwasadiki.

Nami husikitika zaidi nionapo kwamba wauguzi wetu wamerithi lugha iliyojaa ala za kazi hii, kisha wanaiacha mlangoni mwa wodi. Vyuoni tunawafundisha kuuliza, "Una maumivu?" na kudai jibu kwa tarakimu, sifuri hadi kumi, jambo ambalo kwa mzee asiyepata kukaa darasani ni sawa na kumwuliza harufu ya karafuu ina pishi ngapi. Mzee huyo huyo, ukimwachia maneno yake, atakueleza kwa ufasaha usiopatikana katika vitabu vya tiba: kichwa chawanga; jipu lapwita; tumbo lasokota; ubavu wachoma; mfupa wazizima; goti limekaza; mguu umekufa ganzi, kisha usiku wawaka kama uliopakwa pilipili; kidonda chatoneshwa kila shuka ipitapo. Haya si mapambo ya usemi. Lisokotalo na kuachia aghalabu ni la kiungo chenye mrija, kama utumbo au njia ya mkojo. Lipwitalo huenda ni usaha uliofungika. Na lile la kuwaka na kuchonyota pamoja na ganzi, ambalo wazee wengi hubaki nalo baada ya mkanda wa jeshi kukauka, na wenye kisukari hulipata nyayoni, ni maumivu ya mishipa ya fahamu, ambayo vidonge tulivyozoea kugawa huyafikia kwa shida sana, bali hutaka dawa za namna nyingine, kama amitriptilini kwa kiasi kidogo wakati wa kulala, tena kwa hadhari kubwa kwa mzee, kwa kuwa huweza kumtia kizunguzungu akaanguka, na kumzuia mkojo, na kumvuruga akili. Kwa hiyo muuguzi anayeandika "maumivu ya mguu" na yule anayeandika "mguu unawaka moto usiku, shuka ikiugusa anashtuka" wametofautiana kwa jambo kubwa kuliko mtindo wa kuandika, maana daktari atakayesoma maneno ya huyu wa pili atajua aanzie wapi.

Na kipimo kikihitajika, nacho hakina budi kuwapo, ili jioni tujue kama tuliyoyafanya asubuhi yamefaa kitu, upo mkono: katika huduma za tiba shufaa barani Afrika mgonjwa huonyesha ngumi akiwa hana maumivu, kisha kidole kimoja, na viwili, hata vitano kwa yale yasiyostahimilika. Ni wachache mno niliowaona wakishindwa kuuelewa.

Sasa niliseme lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyotangulia kuyasema. Daktari huandika katika karatasi ya dawa kwamba mgonjwa apewe dawa ya maumivu ikihitajika, naye kwa kuandika hivyo huona ametimiza wajibu wake. Muuguzi husoma, na kusubiri aombwe, naye kwa kusubiri huona hakukosea. Na mzee, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba yapo maandiko ya namna hiyo, husubiri kupewa, kwa kuwa ndivyo ajuavyo yeye, kwamba dawa za hospitali hutolewa, haziombwi. Nimeona watu watatu wakisubiriana hivyo siku tatu, na chupa imo kabatini, na ufunguo u mfukoni mwa sare. Mwenye kupaaza sauti hupata. Mwenye murua hukosa. Wala sijui kaida nyingine ya wodini inayomwadhibu mtu kwa adabu yake kama hiyo.

Walioanza kulitengeneza jambo hili walikuwa wauguzi. Cicely Saunders, Mwingereza aliyesomea uuguzi wakati wa vita vikuu vya pili kabla ya kuwa daktari, alijitolea katika nyumba ya St Luke's, mjini London, akaona kwamba wauguzi wa pale walikuwa wakiwapa wagonjwa wa saratani mofini ya kunywa kila baada ya saa nne, bila ya kungoja maumivu yarudi wala mgonjwa aombe, na wagonjwa wakikaa macho na akili zao, wakizungumza na jamaa zao. Aliichukua kaida hiyo, akaipima kwa miaka katika hospisi ya St Joseph's, kisha akajenga St Christopher's iliyofunguliwa mwaka 1967. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1986 juu ya maumivu ya saratani, likaiandika kwa mataifa yote: dawa itolewe kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi, kuanzia nyepesi kwenda kali. Saa iliyokusudiwa ni ya ukutani. Na ijapokuwa mwongozo ule uliandikwa kwa ajili ya saratani, sioni kwa nini ajuza aliyevunjika nyonga, ambaye twajua kwa yakini kwamba ataumwa kesho na kesho kutwa, aachwe aumwe kwanza ndipo tushughulike.

Lakini neno mofini likitajwa wodini, nyuso hubadilika. Wapo wanaoiona kuwa ni dawa ya sakarati, itolewayo kwa mtu aliyekwisha kukatiwa tamaa, hata jamaa wakiiona hujua kwamba mambo yamekwisha. Wapo wanaohofia kwamba mzee wa miaka themanini na mbili, mwenye saratani mifupani, atakuwa mraibu. Na wapo wanaochelea kwamba watamzimisha pumzi, na hao wa mwisho nawaheshimu, kwa kuwa khofu yao ina chembe ya haki. Ini na figo za mzee hufanya kazi polepole kuliko za kijana, na mabaki ya mofini, ambayo hutolewa na figo, yanaweza kurundikana mwilini. Ndiyo maana huanzwa kwa kiasi kidogo, pengine nusu ya kile cha kijana, kikaongezwa taratibu kwa kutazama. Lakini anayetazama ataona, maana aghalabu usingizi mzito usio wa kawaida hutangulia kabla pumzi hazijapungua, na kumtazama mgonjwa ndiyo kazi yetu. Lile litakalompata mzee kwa hakika ni kufunga choo, nalo halingojwi. Dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na mofini. Ama uraibu, mtu anayekunywa kiasi alichopimiwa ili aweze kugeuka kitandani hafanani na mtu anayeitafuta ili alewe, na madhara makubwa yaliyotokea Marekani kwa dawa za jamii hii kuagizwa ovyo hayawezi kuwa hoja ya kumnyima mzee wa Tanga au wa Kitui ambaye hajapata kuiona hata tone.

Na lililo zito zaidi kwangu ni kwamba mkono ule ule unaositasita kuishika chupa ya mofini hauna tashwishi kumdunga mzee sindano ya diklofenaki asubuhi na jioni kwa wiki nzima, ilhali dawa za jamii hiyo, kwa mtu wa umri huo, huweza kuchubua tumbo hata akatapika damu, na kuzidhoofisha figo, na kupandisha shinikizo la damu, na kumjaza maji mwenye moyo dhaifu. Tunaiogopa dawa iliyo na sifa mbaya, na tunaiamini dawa tuliyoizoea. Parasetamoli ya kawaida, ikitolewa kwa saa zake na kwa kiasi chake, badala ya kidonge kimoja leo na kimoja keshokutwa, ingewafaa wengi wa wazee hao kuliko sindano zote hizo.

Ni kweli kwamba dawa zenyewe ni haba. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, zifikazo katika nchi maskini kabisa ni sehemu moja ya kumi ya tani moja. Mbele ya dhuluma kama hiyo muuguzi wa zamu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba nia yake njema haijazi kabati. Hata hivyo mfano wa Uganda wanionyesha kwamba nia na kabati husogea pamoja. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, mofini yake ilikuwa unga uliokorogwa kwa maji na kutiwa chupani, dawa ya bei nafuu kuliko tunavyodhani. Lakini chupa ilihitaji sahihi ya daktari, na madaktari hawakuwako vijijini walikokuwa wagonjwa. Basi mwaka 2004 serikali ya nchi ile ikapitisha kanuni iliyowaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuiandika mofini wao wenyewe, jambo ambalo halikuwa limefanywa na nchi nyingine duniani. Mimi huliangalia tendo hilo zaidi kwa upande wa moyo wa muuguzi kuliko wa sheria. Muuguzi anayejua kwamba jibu li mikononi mwa mtu mwingine, tena yuko mbali, hujifunza kutouliza, kwa sababu kusikia "naumwa" na kutokuwa na la kufanya ni adha isiyochukulika zamu baada ya zamu. Na tunachokiita ugumu wa moyo wa wauguzi, mara nyingi, ni ganzi ya namna hiyo. Mpe elimu na mamlaka, na kipimo cha kuchotea, naye atauliza.

Wako lakini ambao ila yao haitakuja hata tukiingoja hadi machweo, kwa kuwa ndwele ya kusahau imewaondolea maneno. Hao ndio wanaopunjwa kuliko wote. Utafiti uliotolewa mwaka 2000, uliofanywa New York, ulionyesha kwamba wagonjwa waliovunjika nyonga huku wana demensia iliyokwisha kukomaa walipewa thuluthi tu ya mofini waliyopewa wenzao wenye akili timamu, ingawa mfupa uliovunjika ni ule ule na msumeno wa daktari ni ule ule. Na wale wanaojizuia kutoa dawa wakisema kwamba itamfanya mzee aweweseke, wazingatie yaliyoonekana mjini humo humo miaka mitatu baadaye: katika wagonjwa 541 wa nyonga, waliopewa chini ya miligramu 10 za mofini kwa siku ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kuweweseka. Maumivu yasiyotulizwa nayo huvuruga akili.

Kwetu mzee wa namna hii, akirusha mikono anapooshwa, au akimng'ata muuguzi anapogeuzwa, huitwa mkorofi, na wengine husema ana mambo yake, na mwisho wake ni kufungwa mikono kwa bandeji au kupewa dawa ya kumlaza. Huko Norway, mwaka 2011, Bettina Husebø na wenzake walitoa habari za wazee 352 wa nyumba 18 za kutunzia wazee, wote wana demensia na wote wana fujo. Sehemu yao wakatibiwa kwa wiki 8 kama watu wenye maumivu, kwa utaratibu wa ngazi, na wengi wao hawakupanda zaidi ya parasetamoli. Fujo ilipungua kwa asilimia 17. Walikuwa wanaumwa. Vipo vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya watu hao, na kimoja chao, cha mwaka 2003, humtaka muuguzi aangalie mambo matano tu: pumzi, sauti, uso, mwili ulivyojikaza, na kama mgonjwa hutulizika akishikwa mkono au akisemeshwa. Nami huongeza kwa wanafunzi wangu mambo mawili, kwamba wamtazame mzee anapogeuzwa na si anapokuwa ametulia, na kwamba wamwulize binti yake aliyekaa naye miaka sita, ambaye analijua guno la mama yake la njaa na guno la mama yake la kuumwa, na ambaye sisi tumemtoa nje saa za kutazama wagonjwa zilipokwisha.

Sitaki asomaye haya adhani nawashitaki wenzangu. Nimepata kuwa peke yangu usiku katika wodi iliyojaa hata sakafuni, na najua kwamba katika hali ile mgonjwa anyamazaye huonekana ni neema. Najua pia kwamba karatasi tulizopewa zina safu ya joto, na ya mapigo, na ya pumzi, na ya shinikizo la damu, na nyingi katika hizo hazina safu ya maumivu, na lisilo na mahali pa kuandikwa halina wa kuliuliza. Wala siwadharau wazee wanaosema kwamba subira juu ya ndwele ina malipo yake kwa Mungu. Maneno hayo yamewasitiri watu wengi mahali ambapo sisi hatukuwasitiri. Lakini subira ni ya mgonjwa, ni baina yake na Mola wake, na muuguzi hana ruhusa ya kuiagiza kwa niaba yake huku kabati limefungwa.

Mwaka uliopita nilikwenda wodini na mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mwenye haya nyingi, nikamwambia afanye jambo moja tu: asalimie, kisha asiondoke. Alimwamkia bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, akaitikiwa. Akamwuliza alivyoamka, akaambiwa salama. Akavuta kigoda, akakaa, faili akaliacha limefungwa magotini. Bibi alitazama nje, akatazama kikombe chake cha chai iliyokuwa imepoa, akamtazama yule binti kama anayetaka kujua amekosea nini hata akaliwe namna ile. Kisha akasema, "Ila mwanangu, huu mguu wa kulia," akanyosha vidole vinne. Baada ya dawa, saa moja ilipopita, binti alirudi mwenyewe bila ya kutumwa, na safari hii vilinyoshwa viwili.